Tundu la Darini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua kimetulia tangu uhamie kwa dada. Mimi nina uzima wa kuandika tu. Meno mawili ya mbele sina, na mkono wa kushoto haupandi kupita bega. Dada amekwambia kwamba fundi wa sola alimsukuma kaka kutoka juu ya paa. Kaa chini, mama, na usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Unajua kwa nini nilianza kazi ile. Daktari alisema hutarudi kwenye nyumba yenye joto namna ile. Bati lilikuwa linaungua tangu saa nne asubuhi, feni mbili zinazunguka kutwa, umeme unakwenda na jasho halikatiki. Fundi, yule mwembamba mwenye utani na kila mtu, akanipa mpango: tupake bati rangi nyeupe, tufunge paneli upande wa nyuma, na darini tujaze pumba za mpunga kuzuia joto, maana kule mashineni wanazichoma tu na kuchafua hewa. Lakini kwanza tuzibe lile tundu kubwa la ukuta wa nyuma, pumba zisimwagike nje. Nilikubali kila neno. Nilitaka urudi, mama, basi.

Tatizo lilikuwa njiwa wa kaka. Mlango wao wa kuingilia darini ndio tundu lile, na kaka aliniambia waziwazi kwamba kuna makinda, nisubiri wiki tatu waruke. Nikamjibu kwamba mama ni bora kuliko njiwa. Akasema mama mwenyewe angesubiri. Kweli ungesubiri, lakini unajua kichwa changu, nikishasema nimesema. Jumamosi alipokwenda kazini, nikaziba kwa mbao na misumari ya inchi nne, na asubuhi hiyohiyo mimi na fundi tukamwaga pumba darini.

Alirudi mchana akakuta njiwa wakubwa wanajigonga kwenye zile mbao mpaka vifua vinatoka damu. Alichukua shoka, akapanda juu ya meza ya chakula, akaanza kuipasua dari. Pumba zikamwagika sebuleni hata hatuonani. Nikamvuta mguu, akaanguka, akainuka na kipande cha ubao akanipiga nacho mdomoni. Jino moja nililitema, jingine nililimeza. Nami nikampiga kwa kiti mpaka kiti kikavunjika. Fundi aliingia katikati yetu akituomba tumwogope Mungu, tukampiga sote wawili. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na siku hiyo nyasi ilikuwa yeye.

Mama, fundi hakumsukuma mtu. Kaka alishautupa ubao. Alikuwa amepanda tena mezani, amenipa mgongo, mikono yote miwili imo ndani ya dari anawatafuta makinda. Nikachukua nyundo nikampiga nyuma ya sikio.

Fundi ndiye aliyembeba mgongoni hadi uani akitafuta gari. Majirani walimkuta chini ya ngazi, shati limelowa damu ya kaka, wakaniuliza kulikoni. Nikasema amemsukuma. Walimpiga kwa vyuma vyake mwenyewe vya kufungia paneli, mpaka mbavu zikavunjika, nami nimesimama natazama. Leo ni siku ya tano yuko rumande. Kaka alifumbua macho jana, lakini hasemi wala hajui mtu, kwa hiyo hakuna wa kunisuta ila fundi, na fundi nani atamsikiliza?

Kesho saa mbili asubuhi naenda kituoni kusema haya niliyoyaandika. Kuna moja ambalo hawataniuliza, nakwambia wewe. Nilipokuwa nagongelea zile mbao, niliwasikia makinda wakilia ndani. Nikazidi kugonga, nisiwasikie.

Nisalimie dada na wanawe, na shemeji pia. Chumbani kwako dari haikuguswa, na adhuhuri hii nimelala mle bila feni, kuna ubaridi mzuri. Njoo, mama. Kaka hawezi kushika kijiko, na wa kumlisha atakuwa wewe.

Ni mimi mwanao wa mwisho, uliyeniita
Pilipili