Samaki Uliowapumzisha

Mdogo wangu Tarmo,

Barafu ya ziwa iliyeyuka juzi. Jirani yetu Eino kanunua mashua mpya, anajigamba nayo hadi kanisani. Mama anasema hajambo.

Unauliza kama ziwani kwetu kuna wale samaki weupe, siika, wakubwa, uje na wenzako wa Helsinki mvue kwa ndoano. Huna haya! Nani alisimama kwenye mkutano wa wenye ziwa akasema, “Tutundike nyavu, samaki wapumzike”? Mama akakwambia, “Mwanangu, ziwa dogo lisipovuliwa, samaki hujaa wakashinda na njaa.” Ukamcheka: “Mama, hayo ya kizamani!” Ukapigiwa makofi, ukaondoka zako.

Haya, wamepumzika. Wamezaana mpaka chakula hakiwatoshi. Siika mzima, mwenye mayai tumboni, hapiti kidole changu. Kichwa kikubwa, mwili kama uzi. Paka wa Eino kamnusa, kageuza shingo. Walete hao wenzako wajionee!

Mimi nyavu nitazishusha, mkutano upende usipende. Lakini mmoja huvuta nyavu na mwingine hupiga makasia, na mpiga makasia wangu alikuwa mama. Tangu majira ya baridi mkono wake wa kulia umelala. Hata kikombe cha kahawa namshikia mimi. Alinikataza nisikwambie.

Kila gari likipita anauliza kama ni wewe. Nimemjibu kwamba hujamtupa. Unampumzisha tu, kama ulivyowapumzisha samaki.

Dada yako asiyepumzika,
Hilkka