Nimeshinda Tuzo, Lakini Mtaa Mzima Unajua Nipo Ofisini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ama nitashangiliwa na mtaa mzima ama nitaumbuka mbele ya mtaa mzima, na mpaka ninapoandika hapa sijui ni lipi, pengine yote mawili kwa mpigo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mume wangu ni fundi majokofu, na kazi yangu ni kuuza sabuni na dawa za usafi za kampuni moja ambayo haina maduka, bidhaa zake zinapita mikononi mwa watu kama mimi tunaouzia nyumbani, yaani mteja ananiagiza kwa simu, mimi nafungasha kwenye chumba cha stoo kilicho jirani na jiko, halafu nampelekea mpaka mlangoni na kumwonyesha matumizi. Kazi naipenda, sikufichi. Nikimtolea mtu doa la chai kwenye kitambaa chake cha meza huku anaangalia, najisikia kama mtu wa mazingaombwe.

Tatizo langu lilikuwa muda. Mshauri, mimi nilikuwa naliwa na neno moja dogo, nalo ni “tu”. Jirani wa mbele anakuja, “Mama, wewe si upo nyumbani tu, nipokelee mtungi wa gesi.” Mwenye nyumba anapiga simu, “Upo tu hapo, msubirie fundi bomba.” Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, yeye hata hodi alishaiacha, anasukuma watoto wake ndani na kunipungia mkono akiwa njiani, “Nakuachia hawa wifi, si upo tu!” Basi oda za asubuhi nafungasha jioni, za jioni zinalala, simu inaita huku mtoto wa watu anamwaga sabuni ya unga sakafuni, mpaka siku moja nikampelekea mama mmoja dawa ya kuzibulia sinki badala ya sabuni ya masweta, na Mungu mkubwa alisoma kibandiko kabla hajamimina.

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku moja kampuni ilituita semina, nikavaa sketi yangu ya heshima, viatu vya kisigino na mkoba, na pale getini jirani wa mbele akaniangalia juu mpaka chini akasema, “He! Umepata kazi?” Sijui ni shetani gani aliyenijibia, nikasikia mdomo wangu unasema, “Ndiyo, nimepata.” Kufika kituo cha basi napigiwa simu kuwa semina imeahirishwa. Nikaona aibu kurudi kwa njia ileile ya mbele baada ya majigambo yale, kwa hiyo nikakata kona pale saluni, nikapita uchochoro wa nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikaanza kufungasha. Mshauri, hakuna aliyegonga. Nikamaliza oda zote, za siku ile na za nyuma, nikakaa nikaangalia meza ikiwa nyeupe, na nikajua kuwa kesho yake nitavaa tena vile viatu.

Na nikavaa. Nimevaa mwaka mzima sasa. Kila asubuhi natoka mlango wa mbele, mume wangu, ambaye anajua yote na anafurahia kupita kiasi, ananipigia kelele getini, “Kazi njema mama!”, nazunguka saluni, naingia jikoni, navua visigino navaa ndala, nafunga pazia na kupiga kazi kimyakimya mpaka saa tisa, chafya ikinijia naikaba kwa taulo. Halafu nazunguka tena naingia kwa mbele nikiwa “nimetoka ofisini”, ndipo napeleka mizigo, na watu wanaipokea kwa adabu, wanasema huyu mwanamke ni chuma, anafanya kazi ofisini na jioni bado anauza sabuni, hebu atufundishe anavyopanga muda.

Siku moja wifi yangu alikuja kukaa kwenye ngazi za mbele kusubiri mtu huku akiongea na simu, nami nipo ndani, dirisha moja kutoka kwake, nimekalia katoni ya dawa ya choo. Nikamsikia akisema, “Wifi yangu siku hizi ni mtu wa ofisi, anajituma, mimi namheshimu sana.” Ni mdomo uleule uliokuwa unasema nipo tu. Mikono yangu ni ileile, kazi ni ileile, kilichobadilika ni viatu. Iliniuma, mshauri, na wakati huohuo nilifurahi, na hiyo furaha ndiyo inayonitia aibu mpaka leo.

Hayo yangebaki siri yangu na mume wangu, lakini yametokea mawili. Kwanza, wifi, ambaye aliwapeleka watoto chekechea baada ya kunikosa mimi, amenijia kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake, anaomba nimuulizie nafasi “hapo ofisini kwenu”, hata ya usafi. Pili, kampuni imenitangaza muuzaji bora wa kanda nzima. Mimi! Na desturi yao tuzo hiyo huletwa nyumbani kwa mshindi kwa gari lenye spika, bosi anashuka na kuueleza mtaa jinsi unavyofanya kazi yako hapohapo nyumbani tangu asubuhi, halafu wanapiga picha meza yako. Msimamizi wangu anasema nikitaka naweza kwenda kuichukua kwao kimyakimya, ila nimjibu kabla ya Ijumaa. Mume wangu anasema nenda kaichukue hukohuko, tuendelee na maisha. Lakini mshauri, moyo wangu unalitaka lile gari. Nalitaka getini kwangu na spika zake zote. Nikilikubali nitaonekana mwongo, wifi atanikana, na nikishajulikana kuwa nipo nyumbani watu wataanza tena kunigongea na saa zangu zitakwenda na maji. Nifanye nini?

Ni mimi, Mfanyakazi wa Mlango wa Nyuma

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, hongera. Naanza na hilo kwa sababu naona katika barua nzima hakuna aliyekupa, hata mwenyewe hukujipa. Nimekusoma mara mbili, ya kwanza nikicheka mpaka miwani ikaanguka, ya pili nikiwa na hasira, na hasira yangu nitaigawa: kidogo kwa mtaa wako, nyingi kwako.

Jirani alikuuliza kama umepata kazi, ukasema ndiyo. Hapo hukudanganya hata chembe, kazi unayo. Uongo ulianza pale kwenye kona ya saluni. Na uongo huo umekudanganya wewe kuliko wao, kwa maana sasa unaamini kuwa saa zako umepewa na visigino. Dada, saa zako ulizipata siku ulipoacha kufungua mlango. Basi. Ulichofanya kinaitwa kupanga muda, kuna watu wanalipa ada kujifunza, ila wewe umeupanga kama mtu aliyeuiba. Matokeo yake mtaa unaiheshimu ofisi ambayo haipo, na kazi iliyopo haina wa kuiheshimu, na wewe unataka kuendelea kukaba chafya kwa taulo mpaka uzeeke.

Mumeo nampenda bure, lakini kwenye hili ameleta ufundi wake wa majokofu, anataka kuligandisha jambo badala ya kulitengeneza. Usimsikilize.

Mjibu msimamizi wako leo kwamba gari lije. Lije na spika zote. Halafu kabla ya Jumamosi nenda kwa wifi yako. Usimpigie simu, nenda, umshike mkono, umpitishe njia yako yote, saluni, uchochoro, jikoni, mpaka kwenye meza. Asiisikie habari hii kwenye spika pamoja na wapita njia, huyo ni dada wa mumeo na amekusifu kwa watu. Muombe radhi kwa kumfanya asifie hewa. Usimuombe radhi kwa kumfungia mlango, hata akinuna, maana hapo huna kosa. Na atanuna, muache anune, ana haki yake.

Ameomba kazi ofisini kwako? Ofisi ndiyo hiyo na meneja ni wewe. Unabeba mwenyewe mizigo jioni nzima baada ya kufungasha mchana kutwa, unamsubiri nani akuonee huruma? Mpe njia za mitaa ya mbali, umlipe kwa kila mzigo kama unavyomlipa mtu baki, na umwambie mapema kwamba akichelewa utasema, wifi au si wifi. Asipotaka, tafuta mwingine.

Kuhusu saa zako, bandika mlangoni karatasi yenye herufi kubwa, kazi mpaka saa tisa, na ufungue hilo pazia upate hewa, sabuni ya unga itakumaliza mapafu. Oda zipokee kwa vipindi, asubuhi unapoanza na mchana unapokula, siyo kila simu inapolia. Mitaa igawe kwa siku, usizunguke mji mzima kila jioni kwa chupa moja moja. Fundi bomba atasubiriwa na mwenye nyumba yake au na mumeo, naye ana miguu. Na mtu akija na lake, mtajie saa ya kurudi, usimpe maelezo, kwa sababu ukianza kujieleza tu atakaa chini akusikilize na mtungi wake wa gesi mkononi. Watanuna wiki mbili, kisha watazoea. Walizoea ofisi ya kubuni, watashindwaje kuizoea ya kweli?

Jikaze kisabuni, tena wewe zaidi ya watu wote. Na Jumamosi uvae ndala.

Jibu hilo nilimsomea kwa simu, maana Jumamosi isingesubiri gazeti. Alichoniandikia baadaye nakiweka kama kilivyo.

Mpendwa mshauri, asante, na pole, kwa sababu siku ya Alhamisi nilikulaani kidogo. Nilimpitisha wifi njia yote kama ulivyosema, akafika kwenye meza akaishika, akaangalia katoni, akaangalia dirisha, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Siku ile niko kwenye ngazi naongea na simu, ulikuwemo humu?”

“Nilikuwemo, wifi.”

“Ukasikia vyote?”

“Nilisikia.”

Akacheka mpaka akakaa chini, mimi nami nikacheka nikidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza hasira ilikuwa inavaa viatu. Akasimama, akasema, “Umenifanya mjinga mwaka mzima,” akaondoka. Ijumaa yote hakupokea simu, wala yangu wala ya mume wangu. Nililala nimeshakubali kuwa wifi nimempoteza.

Jumamosi gari lilikuja, mshauri, na lilikuja kweli, madirisha yalikuwa yanatetemeka, watu wakajaa mpaka kule saluni. Bosi akashuka, akasema kwenye kipaza sauti kuwa mama huyu amewashinda wauzaji wote wa kanda akiwa hapahapa nyumbani kwake, anaanza asubuhi na mapema. Jirani wa mbele akasema, na kila mtu akamsikia, “Nyumbani? Si yuko ofisini huyu?” Nikaomba kipaza sauti. Nikasema, “Ofisi yenyewe ni hii. Kila asubuhi natoka mlango huu mnaniona, nazunguka saluni, naingia kwa jikoni, nafanya kazi kwa kujificha, ili msinigongee.”

Watu wakageukiana. Halafu nyuma kabisa nikasikia sauti ninayoijua, “Na mimi ndiye niliyekuwa namrundikia watoto!” Alikuwa wifi, amepanda juu ya jiwe ili aonekane. “Watoto wangu, kila siku ya Mungu, na hodi sipigi!” Akapiga kigelegele ambacho mbele yake spika za kampuni hazikufua dafu. Jirani wa mbele akaangalia chini, akacheka, akasema, “Na mimi mitungi ya gesi.” Mwingine akasema mafundi, mwingine mtoto wake mchanga wakati anakwenda kusuka, ikawa kila mtu anataja chake kwa sauti kubwa kumshinda mwenzake, na mume wangu naye akainua mkono, “Na mimi mashati ya kupiga pasi!” Nilipokabidhiwa tuzo nilikuwa silioni gari kwa machozi, na watu waliingia kuiona meza yangu kwa zamu kama wanatazama mtoto mchanga, na wengine waliondoka wameagiza.

Jioni ile nilimpa wifi ile kazi uliyoisema, na Jumatatu alikuja mapema kuchukua mizigo ya mitaa ya mbali. Alipiga hodi. Nikawa namfungashia, pazia limefunguliwa, mara mlango wa mbele ukagongwa, naye akanitangulia kwenda kufungua. Nikasikia sauti ya mama mmoja akiuliza kama nipo.

“Yupo,” wifi akajibu.

“Afadhali, basi nimuachie huyu mtoto kidogo niende sokoni.”

“Mama, humu ndani watu wawili tuko kazini. Karatasi hiyo hapo mlangoni, isome, kisha uende naye sokoni akasaidie kuchagua nyanya.”

Mlango ukafungwa, taratibu, bila ugomvi. Mshauri, niliacha kila kitu nikakaa juu ya katoni nikalia kwa raha ambayo siwezi kuieleza. Wifi akarudi, akanikuta hivyo, akabeba mzigo wake wa kwanza begani.

“Unalia nini saa za kazi?” akaniuliza. “Funga huo mwingine, mteja anasubiri.”