Sindano Nilizoziita Vitamini

Jumanne, tarehe 9 Julai. Hapa mjini Skuta kuna baridi, na mlima haujaonekana tangu Jumamosi.

Jana nilimpigia mama simu nyumbani Kiriaini, kama kila Jumatatu. Nilisema tu, "Mama, umeshindaje?" Akauliza, "Wewe kijana, simu ya msichana wangu umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni mimi, Wangechi, nina homa. Akacheka, akasema ninywe maji ya tangawizi.

Sina homa.

Leo asubuhi nimeenda kliniki. Daktari, mama wa makamo, aliniuliza mara ya mwisho kuona siku zangu ni lini. Nilifungua daftari langu la mazoezi, maana huwa naandika kila kitu: tarehe 2 Machi. Akaona herufi V pembeni, kila Alhamisi tangu Februari. Akauliza ni za nini.

"Vitamini," nikasema. "Kocha hutudunga."

"Na hizo ndevu unazonyoa, kocha alisema pia ni za vitamini?"

Nikamwambia ukweli. Kocha aliziita vitamini, nami nikaandika V, lakini kichupa kilikuwa na jina la homoni ya kiume na nililisoma. Nimemaliza kidato cha nne, siwezi kusema sikuelewa. Nilitaka kurusha tufe mbali nichaguliwe timu ya kaunti. Na nimelirusha mbali kweli, mita mbili zaidi ya Januari.

Presha yangu iko juu. Wamenitoa damu wapime ini. Siku zangu huenda zikarudi nikiacha sindano. Sauti, amesema, nisiingojee.

Nimekaa na neno hilo mchana wote.

Mchujo wa timu ya kaunti ni wiki ijayo. Saa kumi nimemwandikia kocha kwamba Alhamisi siji kudungwa. Amejibu, "Wangechi, unapoteza mita mbili hivi hivi."

Nimemjibu kwamba hizo mbili si zangu.

Sasa najiuliza, zangu ni ngapi? Nilifikiri nitaenda uwanjani kesho na futi nikapime. Lakini daktari amesema dawa itakaa mwilini miezi. Nikirusha kesho, bado ni dawa inayorusha.

Kwa hiyo mchujo siendi. Nitapima siku dawa itakapokuwa imeisha, na nitaandika hapa nitakachopata, hata kikiwa mita tisa tu.