Bika yenye utepe mwekundu

Mwenzangu, nesi amekataza kupiga simu humu ndani, kwa hiyo nakuandikia. Nimeishiwa nguvu.

Si leo klabu ya kemia tulikuwa tunasoma taarifa ya mwaka? Mimi katibu ndiye niliyepanga picha. Na unajua mwaka mzima tulihubiri usalama wa maabara, tukazunguka shule sita na mabango.

Picha ya nne ikatokea. Tunachemsha chai kwenye ile bika kubwa, chombo cha kioo cha maabara, meno nje. Ukumbi mzima ukacheka. Fundi wa maabara hakucheka. Akauliza taratibu, "Hiyo bika yenye utepe mwekundu mliitoa wapi?"

Nikamjibu kwa madaha kwamba ni yetu, maana rangi ya klabu yetu ni nyekundu. Nilisema hivyo kwenye maikrofoni, mwenzangu. Kwenye maikrofoni.

Akasema, "Utepe mwekundu ni vyombo vya zebaki."

Vyombo vya zebaki. Na sisi tumechemshia chai humo tangu mwezi wa pili.

Sasa tuko zahanati ya chuo, watu kumi na mmoja kwenye benchi moja, tunasubiri kutolewa damu. Fulana zetu zimeandikwa USALAMA KWANZA. Kila anayepita anasoma, kisha anatuangalia.

Mama amepiga mara mbili. Nimeiacha iite tu.

Mwalimu mlezi wetu amekaa pembeni yangu, amekunja mkono wa shati. Kikombe cha kwanza kilikuwa chake siku zote, kwa heshima. Nilikuwa nampelekea mimi.