Muweke Mtu Dirishani

Jumanne, tarehe 14. Asubuhi manyunyu, baadaye jua kali. Ungejua jua hilo limenifanyia nini, mwenzangu!

Nimetoka sasa hivi kwenye darasa letu la upigaji picha.

Unajua macho ya mama yanavyokwisha. Aliniambia, "Mwanangu, nipige picha nijione kabla giza halijanifika." Na wiki iliyopita mwalimu alitufundisha, "Kama huna taa, muweke mtu dirishani." Basi leo jua lilipowaka nikamweka dirishani, dirisha mgongoni kwake. Nikasali, nikabonyeza.

Darasani picha imeonyeshwa ukutani kwa projekta, kubwa. Dirisha jeupe pe, mama mweusi ti. Hana jicho, hana mdomo.

Mwalimu akauliza, "Huyu umempiga picha au umemzika?"

Umemzika! Mama yangu mzazi!

Darasa zima likaangua kicheko. Dada mmoja wa saluni tunayesoma naye, anayenitania kwa sala zangu, akadakia, "Mama Maombi, likemee giza hilo litoke!"

Ndipo mwalimu akasema, "Dirishani maana yake auelekee mwanga, mama." Sasa mbona hakusema hivyo tangu mwanzo? Dirishani si dirishani?

Nimemeza machungu, Mungu anajua. Lakini nilisimama, nikawaambia wote wakisikia: "Kesho asubuhi mama ataliangalia dirisha, nalo litakuwa mgongoni kwangu mimi. Wiki ijayo mtauona uso wake hapa hapa ukutani. Na kabla yenu, atakuwa ameuona mwenyewe."