Povu Limeshapakwa

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Leo nimempeleka mdogo wangu kliniki akachomwe sindano yake ya mwezi. Jengo jipya! Vigae vinang'aa, runinga ukutani, bango kubwa: Afya ya Akili ni Haki Yako. Tukafurahi. Tumekaa foleni na wenye homa na wanaoumwa meno — mara spika ikanguruma: wagonjwa wa akili, dirisha la tatu! Ukumbi mzima ukageuza shingo. Mdogo wangu, na shati lake alilolipiga pasi asubuhi, ikabidi asimame mbele za watu. Akachomwa.

Na kwenye foleni nilimwona fundi seremala, anayenyolewa na mdogo wangu kila Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Ndiyo hayo. Mdomo wa seremala hauna breki. Pale saluni mimi nasuka upande huu wa pazia, mdogo wangu ananyoa upande ule. Leo kwangu kumejaa, kwake kiti kitupu. Mmoja kachungulia, kauliza kama hakuna kinyozi mwingine. Mwingine eti kaja kuulizia bei tu. Bei! Kichwa hicho mdogo wangu amekinyoa tangu kikiwa na nywele!

Mwenye saluni kanivuta pembeni. Hana ubaya naye, ila wembe ni wembe, bora apumzike. Nikamwambia wembe huohuo unamnyoa mumeo na hujawahi kulalamika. Kakubali kusubiri mpaka wiki ijayo iishe, kisha atafute mtu mwingine.

Jioni mdogo wangu kasema kwa upole: "Dada, mwezi ujao siendi kule. Bora niumwe kimyakimya."

Nimemwona akiumwa. Hakuna kimyakimya. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemfuata daktari mkuu wa kliniki. Kijana mstaarabu, kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema suluhisho lipo tayari: kuanzia mwezi ujao spika itawaita kwa majina. Kwa majina! Nikamwambia izimeni, muuguzi atembee hatua chache amguse mtu bega. Eti mfumo ni wa kisasa, hauzimiki. Kitu chenye waya hakizimiki!

Nikamuuliza: mdogo wangu anafaa kazi au hafai? Anafaa kabisa, kasema, hata cheti atamwandikia. Sitaki cheti, daktari. Una ndevu. Njoo Jumamosi akunyoe, watu wakuone. Akajishika kidevu. Akasema atakuja.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja! Kaegesha gari mlangoni kabisa. Seremala na wenzake wamejazana dirishani. Mwenye saluni kaacha kukunja taulo. Naandika nyuma ya pazia, mteja wangu kasukwa nusu kichwa, na asubiri.

Mdogo wangu kapangusa kiti, kamfunga daktari kitambaa shingoni, kampaka povu. Mikono imetulia tuli. Kachukua wembe mpya, kaufungua mbele yake ili auone.

Daktari kautazama. Kacheka kidogo, kisha kwa sauti ya kufika dirishani: "Mashine tu inatosha, ndugu yangu. Wembe wacha leo."

Hata yeye! Hata yeye!

Seremala kamgonga mwenzake kiwiko. Mwenye saluni ananitazama kupitia mwanya wa pazia. Mdogo wangu hajaweka wembe chini. Anasema, taratibu tu: "Daktari, povu nimeshakupaka."

Daktari kajishika kidevu, vidole vimejaa povu.