Kopo Walilolidhania Fingo

Baba,

Shikamoo. Nimekuja kuketi hapa karibu na kaburi lako, kwa sababu nyumbani Mama angeniuliza naandika nini, tukaanza kulia tena. Leo sitaki kulia. Leo nina habari, na nyingine zitakuudhi.

Walikuita mchawi. Wewe, katekista wao! Nakueleza mapema ili hasira ikupite kama ilivyonipita mimi. Mwongo mimi, haijanipita.

Ilikuwa hivi. Ule ukuta wa sakristia uliobomolewa na mvua za Elnino, tulipokwisha kukuzika fundi Kioko alikuja kuuchimbia msingi mpya. Jembe likagonga kopo lako la maziwa ya unga, umelifunga kwa kitambaa chekundu ulichokikata kwenye joho kuukuu la watumishi wa misa. Kioko akafunua kidogo, akaona nywele. Basi! Alitupa jembe, akaruka ua, huyoo mpaka barabarani, anapiga kelele, "Fingo! Kuna fingo kanisani!"

Unajua huku kwetu fingo, dawa iliyofukiwa, inavyowatia watu kiwewe. Jua halijatua, kila mtu alikuwa na hakika kwamba marehemu alikuwa mganga wa siri. Aliyevuma kuliko wote ni Mama Mwende, mwenyekiti wa kina mama. "Ndiyo maana homa haikumwachia," akasema. "Dawa zake zimemrudia." Jumapili yake, kwenye maombi ya marehemu, nilisikia majina yote, lako hamna. Mama aliinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoapa kwamba jina lako litasomwa tena.

Watoto walijua ukweli, lakini nani anauliza watoto? Kila Jumatatu ya Pasaka, baada ya misa, wakubwa walikuwa nyumbani wakila pilau, nawe ukisimama mlangoni mwa kanisa hili la kale ukiwaelekeza: "Ipeni kengele mgongo, fuateni kivuli cha msalaba." Wakatawanyika kupapasa mawe, wakachungulia makaburi ya wamisionari, na atakayelipata kopo achukue kitu kimoja, aache chake kimoja. Ulisema mtoto akilitafuta kopo atalijua kanisa lake. Na ulikuwa ukilifukia kabla ya Kwaresima, ili nyasi ziote juu na udongo mbichi usionekane. Mwaka huu ukalifukia, ukafa, hukumwambia mtu. Baba, na wewe nawe! Hata mimi?

Jirani yetu Bi Mwanasha, ambaye kanisani hajawahi kutia mguu, ndiye pekee aliyekutetea. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mchawi gani huyo, afukie mchana kweupe na mimi anisalimie? Nenda mwanangu, wafungulie wajionee."

Nikaenda. Kopo nililikuta nyuma ya jiko la kanisa, linangoja kuchomwa. Jumatatu ya Pasaka misa ilipokwisha nililiweka kwenye ngazi, mbele ya wote. Watu walirudi nyuma kama nimeshika nyoka. Nikatoa gololi. Nikatoa kifungo, ganda la simbi, jino la maziwa, rozari iliyokatika. Kisha nikainua kile kisuko cha nywele kilichofungwa uzi.

"Hicho changu," sauti ikasema. Alikuwa Mwende, binti wa Mama Mwende, yule mwenye haya asiyesema hata akikanyagwa. "Mama, ulinisuka wewe. Nilikikata mwaka jana nilipolipata kopo, sikuwa na kitu kingine cha kuacha."

Mama Mwende akakitazama. Aliujua uzi wake. Alikaa chini pale pale mchangani na nguo zake za Pasaka, Baba, akalia kwa sauti. Mimi maneno makali nilikuwa nimeyaandaa njia nzima. Nikamshika mkono tu.

Jumapili iliyofuata jina lako lilisomwa, tena la kwanza. Mama alisema "Amina" kwa nguvu hata watu wakageuka kumtazama.

Sasa kamati imeamua mchezo uendelee, ila marufuku kufukia. Sawa. Nimewaambia wasiniwekee sharti la pili. Pasaka hii watoto waliikosa zamu yao, kwa hiyo watatafuta kesho, na kitambaa ni kile kile chekundu. Anayeogopa na abaki nyumbani. Nakuahidi, maadamu nina miguu, kila mwaka kopo litafichwa, na atakayekusema vibaya nitamkabidhi kopo alifungue kwa mkono wake mwenyewe.

Lala salama, Baba. Kopo nimekwisha kulificha asubuhi hii, peke yangu. Tangu nizaliwe, ni leo tu ambapo mimi najua liliko na wewe hujui. Laiti ungeniuliza.

Mwanao,
Mutheu